Dirisha la hospitali au duka la dawa la mtaani: mtu wa Lamu achukue dawa ipi wapi?

Mwezi wa Februari, upepo umelala na jua halina huruma, bibi mmoja kutoka Pate aliingia dukani, akaweka flaski ya chai juu ya kaunta na kuifungua. Ndani mlikuwa na kichupa cha insulini kimezama kwenye barafu iliyoanza kuyeyuka.

"Bibi, nani amekwambia uiweke hivi?"

"Hospitali wameniambia isipate joto, mwanangu. Basi nikaitilia barafu."

Nikakitoa, nikakifuta maji. Ilikuwa insulini ya mchanganyiko, ile ambayo ikiwa nzima, ukiiviringisha kati ya viganja huwa nyeupe moja kama maziwa. Niliiviringisha mara kumi, kisha mara ishirini. Chini palibaki chembechembe, na kwenye kioo ulishika ungaunga mweupe kama chumvi ikaukavyo ubavuni mwa ngarawa. Ilikuwa imeganda, kisha ikayeyuka. Insulini ikishaganda imeharibika, hata ikirudi kuwa maji. Tulipompima, sukari ya damu ilikuwa 22, juu mno. Siku nne bibi yule alijidunga kwa wakati, bila kuruka hata sindano moja, na alichojidunga hakikuwa dawa tena.

Dawa ilitoka dirishani ikiwa nzima, na mgonjwa alitii alichoambiwa. Yalipungua maneno manne tu: wala isiguse barafu kamwe.

Kila wiki naulizwa swali hili: dawa ya hospitali na ya duka, ipi bora? Nimekaa pande zote mbili. Miaka sita nilikuwa dirishani katika hospitali ya umma huku Pwani, na sasa niko kaunta ya duka la dawa mjini Lamu. Kwa hivyo msomaji ajue mapema kwamba riziki yangu iko upande mmoja. Hata hivyo jibu langu si "njooni kwangu". Ziko dawa ambazo mamangu mzazi akiniuliza nitamwambia aende hospitali, na ziko ambazo nitamwambia asipoteze asubuhi nzima kwenye foleni.

Dawa yenyewe, kwanza

Wengi wanaamini parasetamoli ya hospitali "haina nguvu" kwa sababu hutolewa ndani ya bahasha, bila boksi la rangi. Si kweli. Hospitali za umma huagiza kwa KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa, hospitali nyingi za misheni huagiza kwa MEDS, shirika la makanisa la kusambaza dawa, na sisi wa maduka hununua kwa wauzaji wa jumla wa Mombasa na Nairobi. Njia ni tofauti, lakini msimamizi ni mmoja: Bodi ya Famasia na Sumu, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1957, Sura ya 244. Bodi hiyo ndiyo inayosajili dawa, ndiyo inayosajili duka, na ndiyo inayompa mtu kibali cha kuuza. Kiini cha dawa kikiwa kilekile na kipimo kilekile, kidonge cha mkebe na cha boksi hufanya kazi moja.

Tofauti iko kwenye mkebe. Vidonge 1,000 katika mkebe mmoja, hospitalini huisha siku mbili tatu. Dukani mkebe ule unaweza kukaa miezi, na kila ukifunguliwa hewa ya bahari inaingia. Kwa hiyo dawa ya kuhesabiwa kutoka mkebeni, hospitali inashinda. Dawa iliyofunikwa kidonge kimoja kimoja kwenye karatasi yake, hakuna mshindi. Na ukipewa vya mkebe dukani, uliza umefunguliwa lini. Muuzaji makini huandika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa mkebe, na hatachukia kukuonyesha.

Joto na hewa ya chumvi

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu ndipo Lamu inapotofautiana na Nairobi, na ndipo watu wanapoangalia kidogo.

Soma boksi lolote la dawa: nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au chini ya nyuzi 30. Kuanzia Januari hadi Machi joto letu la mchana hufika hapo na kupita, na chini ya paa la bati huwa kali zaidi. Ongeza unyevu. Aspirini iliyovuta unyevu hunuka siki ukifungua chombo chake. Kapsuli hugandana. Vidonge vya amoksilini yenye klavulaneti hugeuka rangi vikitolewa kwenye karatasi yake mapema. Hizo ndizo zinazojionyesha. Nyingi hazionyeshi lolote: rangi ileile, umbo lilelile, nguvu zimepungua. Huwezi kuijua dawa iliyounguzwa na joto kwa kuitazama, ndiyo sababu lazima utazame mahali ilipokaa.

Hospitali inayofuata taratibu ina stoo yenye kiyoyozi, kipimajoto ukutani, na daftari linaloandikwa asubuhi na jioni. Ina friji ya dawa peke yake, iliyopimwa kati ya nyuzi 2 na 8, isiyowekwa soda wala samaki wa mtu. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa, kwa kuwa chumba cha upasuaji hakiwezi kungoja. Jambo hilo la jenereta ni kubwa. Duka nyingi hazina. Friji ya duka ikizimika saa nne usiku, mwenye duka amelala nyumbani Langoni au Mkomani, nani atajua asubuhi ilikuwa imefika nyuzi ngapi?

Hata hivyo si kila duka ni sawa, na jengo lenyewe lina la kusema. Nyumba zetu za zamani za mawe, zenye kuta nene na mlango unaotazama kichochoro chenye kivuli, hukaa na ubaridi mchana kutwa. Kibanda kipya cha mabati kilicho wazi kwa jua hakiwezi kushindana nayo. Lakini nyumba ya mawe ina unyevu wake, kuta hutokwa na chumvi, na katoni zilizoegemezwa ukutani huloa kwa nyuma bila mtu kujua. Dawa ziwekwe kwenye rafu, mbali na ukuta, mbali na sakafu. Ukiingia duka lolote, tupa macho sehemu tatu: kipimajoto kiko wapi, jua la alasiri linapiga rafu ipi, na friji ina nini ndani. Kisha uliza bila aibu: "Umeme ukikatika usiku, insulini mnaifanyaje?" Mwenye jibu atakueleza hatua kwa hatua. Asiye na jibu atakwambia usijali.

Safari pia ihesabiwe. Chanjo za serikali husafirishwa kwenye masanduku ya baridi. Mizigo ya maduka mara nyingi huja na basi hadi Mokowe, kisha boti, kisha mkokoteni au punda. Mwaka jana nililetewa katoni ya insulini, nikaifungua palepale gatini mbele ya mletaji. Pakiti za barafu zilikuwa maji, na maji yenyewe vuguvugu. Niliikataa. Msambazaji alikasirika, na wiki ile sikuwa na insulini ya kuuza. Wateja waliokuja niliwaelekeza hospitali. Muulize muuzaji wako kama amewahi kukataa mzigo. Utajifunza mengi kutokana na jibu lake.

Macho mangapi yameipitia karatasi yako

Hospitalini daktari anaandika, mfamasia anakagua, na mara nyingi mtu mwingine ndiye anayekukabidhi. Faili lako lipo: mzio wako, figo zako, dawa ulizopewa mwezi uliopita. Mnyororo huo huokoa watu. Kuna dawa ya maumivu ya viungo iitwayo methotrexate inayomezwa mara moja kwa wiki. Mtu akiimeza kila siku inaweza kumuua. Kosa la aina hiyo huanzia kwenye mwandiko, na hukamatwa na jicho la pili.

Dukani kwa kawaida jicho ni moja. Siku ninapokuwa peke yangu, hakuna wa kunikagua. Huwa najisomea lebo mara tatu: ninapotoa dawa rafuni, ninapohesabu, ninapokabidhi. Inasaidia, lakini haifikii macho ya watu wawili.

Ila duka lina kitu ambacho hospitali hukikosa, nacho ni nafasi ya kuzungumza. Nilipokuwa dirishani, nyuma ya kila mgonjwa palikuwa na wengine arubaini. Nilikuwa nikiandika "1×3" kwenye bahasha, nasema "asubuhi, mchana, jioni", nampisha anayefuata. Baadaye nikakutana na fundi mmoja wa majahazi aliyekuwa akimeza vidonge vitatu kwa mpigo kila asubuhi, kwa sababu ndivyo alivyoisoma "1×3": siku moja, vidonge vitatu. Sikumlaumu. Tangu siku ile naandika saa kwa maneno: kimoja saa moja asubuhi, kimoja saa tisa alasiri, kimoja saa tano usiku. Kisha namwomba mtu anirudishie mwenyewe. Dirishani ningehitaji siku ya saa 40 kufanya hivyo kwa kila mmoja.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya dawa bila madhara, lengo likiwa kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Moja ya maeneo matatu iliyoyakazania ni pale mgonjwa anapohamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kwa Lamu, huko ndiko kuvuka kutoka hospitali kwenda duka la dawa. Ukitoka dirishani na karatasi iliyoandikwa "haipo, kanunue", umeacha faili lako nyuma. Basi lichukue kichwani: mwambie muuzaji dawa zote unazotumia, za presha, za uzazi wa mpango, hata miti shamba uliyochemshiwa na nyanya yako. Bora zaidi, weka maboksi yote ndani ya mfuko na uje nayo.

Na uombe risiti yenye namba ya bechi, yaani namba ya fungu la dawa lililotengenezwa pamoja. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za watoto zilizopatikana Gambia, zilizohusishwa na vifo vya watoto 66 kwa maradhi ya figo. Dawa kama hiyo ikitangazwa, hospitali yenye daftari zuri hutafuta namba za bechi na kujua ilimpa nani. Duka lisiloandika haliwezi kukupigia simu.

Nani yuko nyuma ya kaunta

Hili ni fupi. Duka halali lina cheti cha mwaka huu ukutani, lina jina la mfamasia au mtaalamu wa famasia anayelisimamia, na lina kibandiko cha bodi chenye namba ya usalama unayoweza kuihakiki kwa SMS. Linganisha picha ya kwenye cheti na mtu aliye kaunta. Kama cheti ni cha bwana fulani na kila ukienda unamkuta kijana aliyemaliza shule juzi, bwana fulani huenda anafanya kazi kwingine na amekodisha karatasi yake. Dirisha la hospitali huna haja ya kulipeleleza hivi, ijapokuwa una haki ya kumuuliza anayekuhudumia ni nani. Na anayeuza vidonge kwa kuhesabu kwenye duka la unga na sukari, au kwenye mkoba gatini, simlinganishi na yeyote.

Antibayotiki na malaria

Hapa naona aibu kwa niaba ya wenzangu. Mtu huja na shilingi mia, anataka "ile ya rangi mbili, vinne tu". Duka nyingi humpa, kwa kuwa asipopewa hapa atapewa pale. Nusu ya dozi humpa nafuu ya siku mbili na kuwaacha hai vijidudu vilivyo wagumu zaidi. Hospitali kwa kawaida hukupa dozi kamili au hukwambia haipo. Hakuna anayefaidi kwa kukupunguzia. Kwa antibayotiki, basi, nenda palipo na daktari na maabara, upate karatasi, na ukinunua dukani nunua zote. Fedha zikipungua, sema. Mara nyingi iko dawa ya bei nafuu yenye kazi ileile, na kumpigia simu aliyeandika ni dakika tano.

Malaria ni vivyo hivyo: kipimo kabla ya dawa. Vipimo vya haraka vinapatikana, tone moja la damu, dakika kama ishirini. Dawa mseto ya mtu mzima kwa kawaida ni vidonge 24, vinne kwa mara sita ndani ya siku tatu, na dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Humezwa na chakula chenye mafuta ili mwili uinyonye vizuri. Kwetu hilo si tatizo, wali wa nazi unatosha.

Bei, na dawa kuisha

Hospitali ya umma ni nafuu ikiwa dawa ipo. Ikiwa haipo, umelipa nauli ya boti bure. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza kabla hujapanga foleni ni dawa zipi zinalipiwa kwa kadi yako. Kama unatoka Faza au Kizingitini, mwombe mtu wa mjini akuulizie dirishani kabla hujapanda boti.

Mimi ningechagua hivi

Insulini ningeichukua hospitali yenye jenereta, au duka lililonijibu swali la umeme. Ningeuliza pia kama sindano ni za uniti 100 kwa mililita (U-100), zilingane na chupa, kwa maana sindano ya namba nyingine huharibu hesabu yote ya kipimo. Nyumbani, kisichofunguliwa kikae kwenye friji, mbali na sehemu inayogandisha. Kinachotumika si lazima kiwe baridi, kinaweza kukaa nje ya friji wiki nne, chumba kisipopita nyuzi 30. Asiye na friji atumie mtungi: mdogo ndani ya mkubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa kilicholowa juu, mahali penye upepo. Niseme ukweli kuhusu mtungi, kwani watu wa bara wameusifu sana. Hupoza kwa maji kukauka, na hewa yetu yenye unyevu hukausha maji polepole, kwa hivyo utapunguza nyuzi chache tu. Hizo chache zinatosha kwa chupa iliyofunguliwa. Haziwezi kutunza akiba ya miezi mitatu.

Dawa za presha na kisukari za kumeza, chagua sehemu moja na ubaki hapo. Kubadilishabadilisha ndiko kunakoleta vidonge viwili vya dawa moja chini ya majina mawili, na nimeshawahi kuvikuta kwenye mfuko mmoja zaidi ya mara moja. Kama kliniki yako inakuona kila mwezi na dawa haikosekani, kaa na hospitali. Kama inakosekana mara kwa mara, kaa na duka moja linalokuandikia daftari.

Mtoto anayehitaji amoksilini na nyumba haina friji, mwambie daktari mapema. Vipo vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji safi, havihitaji friji, na haviharibiki kwa kukoroga maji mengi kupita alama. Hivyo hospitali na vituo vya afya huwa navyo zaidi kuliko maduka. Akipewa ya unga, ikorogwe na mfamasia mwenyewe mbele yako, na siku ya kuimwaga iandikwe kwenye chupa.

Dawa za saratani, za kifafa, za kuzuia damu kuganda, na zile zinazofungiwa kabatini kama mofini: hospitali, bila mjadala. Homa ndogo, mafua, ukurutu, maji ya chumvi na sukari ya kuhara, njoo dukani, mradi cheti kiwe ukutani.

Na popote ulipoichukua, dawa ikikuvimbisha midomo au ikikutia vipele, irudishe pamoja na boksi. Iko fomu ya njano ya madhara na ya waridi ya dawa mbovu. Zote mbili zinapaswa kuwepo dirishani na dukani, na kujazwa ni haki yako.

Bibi wa Pate sasa huchukua insulini yake hospitali, siku ya kliniki. Huibeba ndani ya chupa tupu ya plastiki iliyofungwa kwa leso, pakiti ya barafu ikiwa upande wa pili wa kitambaa, isiguse. Sindano hununua kwangu. Kabla ya kurudi gatini hupitia dukani, hukaa kwenye kigoda, hukitoa kichupa na kukiviringisha mwenyewe polepole kati ya viganja, kisha hukiinua kwenye mwanga wa mlangoni.

"Tazama, mwanangu. Maziwa matupu."

Nami hutazama, kila mara.